Maombi ya Hezekia na Mkate wa Tini: Kupona Baada ya Upasuaji wa Moyo

Somo la wiki. Mafungu ya kusoma: 2 Wafalme 20:1–7, 1 Wafalme 19:1–8, Marko 2:1–12

Mchungaji aliponiomba niandike juu ya upasuaji wangu wa moyo nilimjibu kwamba ushuhuda nimeshautoa mara mbili kanisani na watu wakapiga makofi. Akasema safari hii hataki ushuhuda, anataka somo, kwa sababu anajua kuna mahali huwa naparuka. Ni kweli huwa naparuka. Leo nitapafikia, ila naomba tuanze na Hezekia kwanza.

Hadithi ya Mfalme Hezekia twaijua sote. Aliugua akakaribia kufa, Isaya akamjia na neno gumu kwamba atengeneze mambo ya nyumba yake. Mfalme akageukia ukuta, akaomba, akalia sana. Kabla Isaya hajafika mbali neno likamrudia: maombi yamesikiwa, machozi yameonekana, ameongezewa miaka 15. Hapo ndipo tunaposhangilia, na mara nyingi mhubiri huishia hapo. Lakini soma fungu la 7. Isaya, akiwa na ile ahadi mkononi, anaagiza uletwe mkate wa tini, wakaweka juu ya jipu, mfalme akapona. Ona mpangilio wake. Ahadi imetoka kwanza, dawa imefuata. Mungu ameshasema atamponya, na bado mtu anatumwa jikoni kutafuta tini. Tena fungu la 5 lataja siku ya tatu ndiyo atakayopanda nyumbani kwa Bwana. Kwa hiyo baina ya ahadi na ibada ya shukrani kulikuwa na siku za kulala kitandani na dawa imebandikwa mwilini. Somo letu la leo liko katika siku hizo za katikati.

Ugonjwa wangu ulianza zamani bila mimi kujua. Nikiwa darasa la tatu niliumwa na koo, baadaye magoti yakavimba, likipona hili lauma lile. Bibi yangu alinikanda kwa mafuta, nikapona, tukasahau. Kumbe ile ilikuwa homa ya baridi yabisi. Vijidudu vya koo vikiachwa bila dawa, kwa watoto wengine mwili unapopigana navyo hugeuka ukajidhuru wenyewe, na pale pa kuumia sana ni vali za moyo, yaani vile vilango vinavyoruhusu damu kupita upande mmoja isirudi nyuma. Vali hukakamaa pole pole. Huenda ikapita miaka 20 au 30 mtu asijue. Mimi nilijua siku nilipopanda na dumu la maji kutoka tangini hapa Mkwiro nikashindwa kufika nyumbani. Nilikaa chini njiani napumua kama niliyetoka kupiga mbizi. Watu wakasema presha. Wengine wakasema nimetupiwa kitu, na mimi, kusema haki, nilifunga siku tatu nikikemea hicho kitu.

(Wazazi, hapa nisiwapite. Mtoto akiumwa na koo pamoja na homa, mpelekeni zahanati. Penisilini ya bei ndogo ingenizuilia haya yote. Na mtoto aliyekwisha kupata homa hii huchomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi ili isimrudie. Msimwachishe kwa kuwa anaonekana mzima.)

Pale Msambweni daktari alinisikiliza kifua kwa muda mrefu bila kusema kitu, nikajua kuna jambo. Mombasa nikapigwa picha ya moyo, nikaambiwa vali ya upande wa kushoto imeziba, dawa peke yake haitatosha. Upasuaji ni Nairobi. Bima ililipa sehemu, kanisa likachanga, na chama chetu cha akina mama wa mwani kikachanga, ambao wengi wao ni Waislamu, kama mnavyojua kisiwa chetu. Siku ya kuondoka walinisindikiza mpaka kwenye boti, bibi mmoja akaninong'oneza dua sikioni. Kuna mpendwa aliyeniuliza kama nilikemea ile dua. Sikukemea. Nilimwambia asante, bibi, akanifuta machozi kwa leso yake.

Sasa hebu niwaeleze kinachofanyika, maana wengi huniuliza wakiona kovu. Ili daktari aushone moyo lazima usimame. Kuna mashine inayochukua kazi yake, inatoa damu mwilini, inaitia hewa safi na kuirudisha. Mashine hiyo ilifaulu mara ya kwanza kwa binadamu tarehe 6 Mei 1953 huko Philadelphia, Marekani, daktari John Gibbon alipoziba tundu katika moyo wa msichana wa miaka 18. Kabla ya hapo moyo ulikuwa hauwezi kufunguliwa namna hiyo. Basi mfupa wa kifua hukatwa kwa msumeno katikati, kazi ikiisha hufungwa kwa waya, na moyo huanza kupiga tena.

Jambo hili lilinisumbua kiroho kabla sijaingia. Katika lugha yetu moyo ni kila kitu. Twasema mpe Yesu moyo wako, nina moyo mzito, moyo umeniruka, yule hana moyo. Sasa ukisimamishwa saa mbili hivi, ule wokovu uliomo unakaa wapi? Msinicheke. Nilimuuliza mchungaji wa wodini, naye akanipeleka Ezekieli 36:26, pale Mungu anapoahidi kuutoa moyo wa jiwe na kutia moyo mwingine, akaniambia Mungu hakuwa akizungumzia nyama. Aliyempokea Yesu ni mimi mzima, na mimi mzima ninajulikana na Mungu hata moyo ukiwa kimya na akili ikiwa imelala. Nililala na hilo.

Vali niliyowekewa ni ya kutengenezwa. Usiku pakiwa shwari naisikia inagonga, tik tik, kama saa ya mkononi. Wiki za kwanza ilinitisha. Siku hizi ndiyo inayoniamsha kuomba.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni ule ukavu. Nilirudi nyumbani nimepona, kila mtu anashangilia, na mimi sina furaha. Nalia bila sababu. Nikifungua Biblia maneno hayashikiki. Nikipiga magoti, nasinzia au naogopa. Nikadhani nimerudi nyuma, nikadhani wakati moyo umesimama kuna kitu kiliniacha. Nilipomweleza muuguzi wa kliniki akaniambia hili wanaliona sana kwa waliopasuliwa moyo, huja wiki za kwanza na kwa wengi hupungua, lisipopungua lina matibabu yake na si aibu kuyatafuta. Kwa nini kanisani hatusemi haya? Eliya alitoka kushusha moto Karmeli, kisha akaketi chini ya mretemu akiomba afe. Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, akalala tena, akalishwa tena, halafu ndipo wakazungumza. Malaika alipika kabla ya kuhubiri. Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa akija kila asubuhi na uji, ananipikia, ananiangalia nikinywa, anaondoka. Hakuniombea kwa sauti hata siku moja mbele yangu. Ndiye aliyenirudisha kwenye maombi.

Wengine walikuja namna nyingine. Nilipokuwa bado hospitalini, siku ya pili nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, alikuja mpendwa kutoka ushirika fulani wa Nairobi akasimama miguuni pangu akaanza kukemea roho ya mauti kwa nguvu zote. Nilikuwa sijui kama kuna roho ya mauti! Mapigo yalipanda mpaka muuguzi akaja mbio. Nia yake ilikuwa njema, namshukuru hata leo. Lakini alipotoka nilibaki nikijiuliza daktari amemwambia nini ambacho sikuambiwa mimi.

Kijana wangu anayesoma chuo alinisomea tafiti mbili, nami naziweka hapa kwa kuwa vijana wetu watakutana nazo kwenye simu. Ya kwanza ilitolewa 1995, nayo ilihusu wazee 232 wa Marekani waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Ndani ya miezi 6 walikufa 21. Waliokuwa hawashiriki kundi lolote la watu, na tena hawapati nguvu wala faraja katika dini, walikufa zaidi kuliko wengine. Tukiisikia hiyo tunasema amina. Ya pili ni ya 2006, kubwa zaidi, wagonjwa 1,802 katika hospitali sita. Watu wasiowajua waliwaombea baadhi yao kwa siku 14, wakiwa wamepewa jina la kwanza na herufi ya jina la pili. Matokeo: miongoni mwa wale wasiojua kama wanaombewa au la, walioombewa na wasioombewa walipata matatizo karibu sawa. Na wale walioambiwa kwa hakika kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi kidogo, asilimia 59 dhidi ya 52.

Kijana aliniuliza, mama, unasemaje? Nilinyamaza siku nzima. Kisha nikamwambia mambo mawili. Kwanza, Mungu hapimwi kama panadoli. Hakuna anayeweza kuwazuia wale wa kundi lingine wasiombewe na mama zao. Pili, hiyo asilimia ya waliojua, yaweza kuwa ni bahati ya hesabu, lakini mimi nilikuwa na yule mpendwa miguuni pangu. Najua mtu anavyoweza kuogopa akiambiwa kikosi cha maombi kimeitwa kwa ajili yake. Halafu tazama tofauti: yule mama wa uji alinijua. Wale wanne wa Marko 2 walimjua aliyepooza, walijua uzito wake, walimbeba, wakabomoa dari. Biblia inasema Yesu aliiona imani yao wao. Imani yake yule kitandani haikutajwa kabisa, na siku zile za ukavu hilo lilinitosha.

Sasa nije pale ninaporuka.

Mwenye vali ya kutengenezwa hunywa wafarini maisha yake yote. Damu ikikutana na kitu kigeni hutaka kuganda juu yake, na donge likitoka moyoni laweza kupanda hadi kichwani. Dawa inaizuia. Ukizidisha unavuja damu, ukipunguza inaganda, kwa hiyo lazima upimwe damu mara kwa mara kwa kipimo wanachokiita INR. Kwa vali yangu mimi hutakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Mtu asiyenywa dawa ana kama 1.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji kulikuwa na mkutano wa mhubiri mgeni, si wa kanisa letu, na jina lake halina faida hapa. Akasema aliyepokea uponyaji alete dawa zake madhabahuni ziwe dhabihu. Nilikuwa nazo mkobani. Nikazipeleka. Watu walipiga vigelegele, nami nikalia kwa furaha kwa mara ya kwanza tangu Nairobi. Siku tisa nilikuwa mwepesi kama mtoto. Siku ya kumi, jioni, nikiwa nachambua mchele, mkono wa kulia ukaniacha. Nikataka kumwita mwanangu, jina likatoka kama la mlevi. Ilikuwa msimu wa kusi, bahari imechafuka, usiku umeingia. Majirani walinitia kwenye boti tukavuka hadi Shimoni, tukatafuta gari hadi Msambweni. Kabla ya kufika mkono ulikuwa umerudi. Daktari alisema ni kiharusi kidogo kilichopita, na kwamba kikubwa mara nyingi hufuata nyuma yake. INR ilikuwa 1.1.

Katika ushuhuda wangu huwa nasema Bwana aliniokoa na kiharusi. Ni kweli aliniokoa. Lakini sijawahi kusema kiharusi kilitoka wapi. Niliona haya. Niliona pia nikisema nitaonekana ninapinga imani.

Nimewaza sana juu ya siku ile. Sikuwa na imani kubwa kuliko kawaida. Nilikuwa nimechoka. Nilichoka na vidonge, na sindano za kupima, na kuitwa mgonjwa, na nilitaka kuwa ushuhuda uliokamilika. Ibilisi alipompandisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu hakumwambia atende dhambi ya wazi. Alimtajia andiko, akamwambia ajitupe chini. Soma Luka 4:9–12 uone Yesu alijibu nini. Na wale wenye ukoma kumi wa Luka 17 walitumwa kwa makuhani, ambao kwa sheria ndio waliokuwa wakipima ukoma. Bwana mwenyewe aliwatuma wakapimwe. Mtu akikuambia umepona, nenda kapimwe. Ikiwa ni kweli, kipimo kitasema. Na kwa upande wangu mimi, hata Mungu akiifuta ile homa ya utotoni isibaki alama, vali hii imo kifuani na haijui kama nimeokoka. Damu itaendelea kuigandia. Dawa ndiyo mkate wangu wa tini.

Kule Bomet kuna hospitali ya misheni, Tenwek, wanapasua mioyo na kauli mbiu yao ni kwamba wao hutibu, Yesu ndiye huponya. Mimi sikupasuliwa kule, lakini naipenda hiyo kauli kwa kuwa haina upande uliofutwa.

Yako pia mambo madogo ambayo kanisa halijui na huumiza. Mfupa wa kifua huchukua wiki 6 hadi 12 kuungana, na wakati huo hatuinui kitu kizito. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Anayetaka kumhudumia mgonjwa wa moyo hapa Mkwiro amtekee maji. Tena wahudumu wa maombi, tafadhali, msitusukume. Mtu aliyefungwa kwa waya kifuani akianguka chini, nguvu yoyote iliyomwangusha, waya ni waya. Tuwekeeni mkono begani. Na kuhusu mfungo: Januari tunapofunga, wengi hufuata mfungo wa Danieli, mboga tupu. Mboga za majani, mchicha, sukuma, kisamvu, zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya wafarini. Hatukatazwi mboga, twaambiwa tule kiasi kilekile kila wiki. Nikijaza mchicha siku 21, damu yangu itaganda huku nasifu. Kukaa na njaa nako hugeuza kipimo upande wa pili. Kwa hiyo uliza kliniki kabla ya kufunga. Mimi nilifunga simu baada ya saa moja jioni, na niwaambie ilikuwa ngumu kuliko chakula. Pia ukienda kung'oa jino mwambie daktari una vali, akupe dawa kwanza.

Kitanda cha jirani yangu Nairobi alikuwa dada kutoka bara, mwombaji kuliko mimi. Ndiye aliyenifundisha kukumbatia mto ninapokohoa ili kifua kisiume. Alikuwa na wafungaji kanisa zima. Alifariki siku ya nne. Sina maelezo. Ninajua tu kwamba Paulo, ambaye hata leso zilizogusa mwili wake ziliponya watu, alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa, 2 Timotheo 4:20, na hakuandika sababu, wala hakusema Trofimo alipungukiwa na imani. Nikisikia mtu anasema dada yule hakuamini vya kutosha, vali hugonga kwa nguvu.

Kwa makanisa ya nyumbani wiki hii: someni 2 Wafalme 20 mpaka fungu la 7, msiishie la 6. Mwulizane kuna nani kati yetu anayekunywa dawa kwa siri kwa kuogopa kuonekana hana imani, na kuna nani aliyeiacha kwa siri. Msimlazimishe kusema mbele ya wote.

Mimi Jumatano nakwenda Msambweni kupima damu. Boti ya kuvuka inaondoka mapema, saa kumi na mbili. Kama kuna aliyeacha dawa na anaogopa kurudi kwa daktari peke yake, aje gatini, twende sote. Sitamuuliza kitu njiani.